Siku kamera ya mfukoni ilipopokonywa filamu

Mwaka 2003, Alex Majoli, Mwitaliano wa shirika la wapiga picha la Magnum, alipiga picha za vita huko Congo na Iraq kwa kamera ambazo mjomba yeyote angeweza kwenda nazo harusini. Zilikuwa Olympus C-5050: vidude vya dijitali vya megapikseli 5, vinavyotumia betri nne za AA, zile zile tunazotia kwenye redio. Wenzake walikuwa wamening'iniza shingoni mitambo yenye lenzi nene kama mchi. Kazi yake ikampatia tuzo ya mpiga picha bora wa majarida katika mashindano ya wapiga picha wa habari wa Marekani.

Tangu hapo kisa cha Majoli kimekuwa rungu la kila anayebisha kwamba kamera si kitu, jicho ndilo kitu. Sikatai. Lakini kwa anayeijua historia ya kamera ndogo, la kushangaza ni jingine: kwamba mwaka 2003 watu walimshangaa mpiga picha makini kwa kutoa kamera mfukoni. Miaka 10 nyuma yake wasingemshangaa hata kidogo. Kuna kitu kilitokea hapo katikati, na ili kukiona lazima turudi nyuma karibu karne nzima.

Oskar Barnack alikuwa fundi katika kiwanda cha hadubini cha Ernst Leitz, mjini Wetzlar, Ujerumani. Alipenda kutembea milimani na kupiga picha, na alikuwa na pumu. Kamera za zama zile zilikuwa masanduku yenye mabamba ya vioo na stendi ya miguu mitatu. Kupanda nazo mlima kwa mtu wa pumu ni kujitafutia mauti. Mnamo 1913 na 1914 akajitengenezea kamera ya kuingia kwenye mfuko wa koti, akaitia filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35. Fremu ya sinema ilikuwa milimita 18 kwa 24. Barnack akailaza filamu ubavu, akaunganisha fremu mbili kuwa moja, akapata 24 kwa 36. Vita Kuu ya Kwanza ikaichelewesha kazi hiyo, na kamera hiyo, Leica, ikaonyeshwa hadharani mwaka 1925 kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig.

Kipimo hicho cha 24 kwa 36 ni kama stempu ya barua. Kiwekeni akilini, maana ndicho kisa chote.

Miaka michache baadaye kijana wa Kifaransa, Henri Cartier-Bresson, alinunua Leica baada ya kuguswa na picha moja ya Martin Munkácsi, ya wavulana watatu weusi wakikimbilia mawimbini. Picha hiyo imezunguka dunia kwa jina la Ziwa Tanganyika, ingawa wapo wanaosema ilipigwa Liberia. Sisi wa upande huu tungependa iwe ya kwetu, lakini tuwaachie wenyewe. La maana ni kwamba kuanzia hapo kamera ndogo ikawa chombo cha watu wazito. Cartier-Bresson alifikia hatua ya kuzibandika utepe mweusi sehemu zinazong'aa za Leica yake, watu wasiione.

Sasa angalieni hesabu ilivyokaa. Filamu hukununua pamoja na kamera. Uliinunua dukani, ukaitia mwenyewe. Mwaka 1966 ikatoka Rollei 35, kadogo kama pakiti ya sigara. Mwaka 1979 ikaja Olympus XA, iliyobuniwa na Yoshihisa Maitani, yenye kifuniko cha kutelezesha badala ya mfuko wa ngozi. Aliyekuwa na XA mfukoni na aliyekuwa na Nikon kubwa ya chumba cha habari waliingia duka moja, wakanunua filamu moja, na kila mmoja akatoka na stempu zake 36 za 24 kwa 36. Mchele ule ule, sufuria ndogo. Tofauti ilibaki kwenye lenzi, na lenzi za hizo ndogo hazikuwa za kubezwa.

Ndiyo maana miaka ya 1990 kampuni za Japani zilishindana kutengeneza kamera ndogo za bei ya kutisha: Contax T2 ya titani mwaka 1990, Nikon 35Ti mwaka 1993, na ile ninayoipenda mimi kuliko zote, Ricoh GR1 ya mwaka 1996. GR1 ilikuwa nyembamba, nyeusi, haina madaha, na lenzi yake ya milimita 28 ilimeza mtaa mzima. Daido Moriyama, mzee wa picha za mitaani wa Japani, alizunguka na GR katika vichochoro vya Shinjuku kama mtu mwingine anavyozunguka na tasbihi.

Nisiwafanye muone kwamba filamu ilikuwa pepo. Waliowahi kuitumia wanakumbuka vizuri. Unafungua mgongo wa kamera kivulini, unavuta ulimi wa filamu mpaka vitundu viingie kwenye meno, unafunga, unasikiliza injini ikivuta. Nilishawahi kupiga picha tangu asubuhi hadi alasiri, kihesabio kikafika 37, nikafurahi kwamba nimepewa moja ya nyongeza. Kikafika 38. Nikajiambia bahati. Kilipofika 40 ndipo mwili ulipokufa ganzi: filamu haikuwahi kushika meno. Ilikuwa imekaa pale pale ilipokuwa asubuhi, na mimi siku nzima nimepiga picha hewa.

Na ikishika, bado kuna kusafisha. Dawa ya filamu za rangi, utaratibu ulioanza mwaka 1972 kwa jina la C-41, inataka joto la nyuzi 37.8, na filamu ikae kwenye dawa ya kwanza dakika 3 na sekunde 15. Fundi akizembea, picha zinarudi na rangi ya maembe mabivu. Kisha kuna ila ya asili yenyewe. Kwa miongo mingi maabara za Marekani zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyopewa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imewekwa sawa. Ngozi zetu zikitoka kama masizi, hilo halikuwamo kwenye kipimo. Mabadiliko yalisukumwa kwa kiasi kikubwa na malalamiko ya watengeneza chokoleti na watengeneza samani, ambao hudhurungi za bidhaa zao hazikutofautishwa na filamu. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya binadamu.

Kwa hiyo dijitali ilipobisha hodi, wengi tulifungua mlango mapema. Na ilitokea nyumbani kwa filamu yenyewe. Mwaka 1975, katika maabara ya Kodak, mhandisi kijana Steven Sasson aliunda kamera ya kwanza ya dijitali: uzito wa kilo 3.6, picha nyeusi na nyeupe ya nukta 10,000, na sekunde 23 za kuiandika kwenye kaseti. Miaka 20 baadaye, mwaka 1995, Casio QV-10 ikaweka kioo mgongoni, ukaiona picha papo hapo. Hapo ndipo mwananchi wa kawaida alipoanza kuiaga filamu.

Lakini katika kuhama kuna mzigo uliodondoka njiani, na wauzaji hawakuutaja. Ndani ya kamera ya dijitali, mahali pa filamu pana kihisi, kile kibapa kinachopokea mwanga. Kihisi hukinunui dukani peke yake. Kimefungwa humo humo, na kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo kinavyozidi kuwa ghali. Kamera ndogo zikapewa vihisi vidogo. Mwaka 2005 Ricoh wakatoa GR Digital, yenye umbo la GR1, rangi ya GR1, na upeo wa kuona wa GR1. Ukizishika zote mbili huku umefumba macho ungeweza kuchanganyikiwa. Lakini ndani, pale pa stempu ya 24 kwa 36, palikuwa na kitu cha milimita 7.2 kwa 5.3, kidogo kuliko punje ya mahindi. Eneo lake linaingia mara 22 katika fremu ya filamu. Usawa wa Barnack uliishia hapo. Sasa mwenye kamera kubwa alikuwa na filamu yake, na mwenye kamera ndogo alikuwa na chenga.

Madhara yake si ya kwenye makaratasi. Chukua Maulidi ya Lamu, saa sita mchana, safu za wanaume wenye kanzu nyeupe na ngozi nyeusi, nusu juani, nusu kwenye kivuli cha ukuta. Filamu ya negativu ya rangi huvumilia mwanga uliozidi: kanzu inabaki na mikunjo yake, na darizi ya shingoni inaonekana. Kamera ndogo ya dijitali ya zama zile ilikuwa na njia mbili tu. Ukiokoa nyuso, kanzu zinageuka karatasi tupu, weupe usio na uzi wala mshono, na hakuna fundi wa kuurudisha kwa sababu haukuandikwa kamwe. Ukiokoa kanzu, nyuso zinazama gizani. Jua likizama, ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kupokea mwanga, hadi 400 picha inajaa chenga za rangi, wakati ISO 400 kwa filamu ilikuwa chakula cha kila siku. Halafu kuna kuchelewa: unabonyeza, kamera inatafakari, na daladala uliyoitaka imeshakata kona.

Kampuni zikajibu kwa kuongeza megapikseli, kutoka 3 kwenda 5, 8, 12, zote zikisongamana kwenye punje ile ile. Ni sawa na kugawa chumba kimoja vyumba 12 na kumwambia mpangaji nyumba imepanuka.

Hata hivyo nisiwe mchoyo wa sifa. Kihisi kidogo hutumia lenzi fupi mno, na lenzi fupi huonyesha wazi karibu kila kitu, kuanzia mkono wa muuza karanga hadi minazi ya nyuma. Kwa picha za mtaani hiyo ni neema. Moriyama mwenyewe alihamia GR ya dijitali na hakuonekana akilia. Majoli naye alijua anachofanya. Kamera yake ilikuwa kimya, haikuwatisha watu, na aliilazimisha ifanye kile inachokiweza.

Fidia ilikuja polepole. Sigma DP1 ya mwaka 2008 ilikuwa ya kwanza kuweka kihisi kikubwa katika kamera ndogo ya lenzi moja; picha safi, mwendo wa kobe. Mwaka 2011 Fujifilm wakatoa X100, yenye kihisi cha milimita 24 kwa 16 hivi na dirisha la kuchungulia kama la kamera za zamani. Mwaka 2012 Sony RX1 ikarudisha 24 kwa 36 kamili ndani ya mwili mdogo. Na mwaka 2013 Ricoh wakaitoa upya GR, safari hii na kihisi karibu mara 10 ya kile cha 2005, na kuinenepesha kidogo tu. Mimi nahesabu deni lililipwa mwaka huo. Kuanzia Casio hadi hapo ni miaka 18. Kwa kejeli ya historia, Kodak ilikuwa imeomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012.

Basi mpiga picha makini wa leo achukue ipi? Kwa kazi ya gazeti, harusi, au lolote lenye mteja anayengoja, kamera ndogo ya dijitali yenye kihisi kikubwa imeishinda filamu, na anayebisha anabishia mapenzi yake. Gizani hata si shindano. Ubishi wa kweli umebaki kwenye jua kali na kwenye kudumu. Ukiingia Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, unaona ukutani watu waliokwisha kufa wakikutazama, kwa sababu negativu ikiwekwa mahali pakavu haidai programu wala chaji ili isomeke. Sasa jiulize kadi ya kamera yako ya mwaka 2005 iko wapi.

Na filamu yenyewe imekataa kuzikwa. Vijana wamezipandisha bei Contax T2 zilizotumika, na bado Kodak kule Rochester wanaiviringisha filamu. Juni 2024 ikatoka kamera mpya kabisa ya filamu, Pentax 17, ambayo hupata picha 72 kutoka filamu ya picha 36 kwa kuigawa kila fremu mara mbili: milimita 17 kwa 24, karibu kabisa na kile kipimo cha sinema ambacho Barnack alikizidisha mara mbili. Wanaoiuza ni Ricoh, walioinunua Pentax mwaka 2011. Ukiweka fremu yake kando ya kihisi cha GR waliyokuwa wakiiuza wao wenyewe mwaka huo wa 2024, 15.6 kwa 23.5, tofauti yake haifiki upana wa shilingi iliyosimama ubavu.