Mdoli Asiyelia: Mafunzo ya Dharura Kigali

Wizara ya Afya ya Rwanda ilipoanzisha SAMU mwaka 2007, huduma ya ambulensi ambayo jina lake limetoka Ufaransa na namba yake ni 912, waliopanda magari hayo walikuwa wauguzi na wataalamu wa nusukaputi. Watu hodari, ila walifundwa wodini na kwenye chumba cha upasuaji.

Wodini mgonjwa yuko kitandani, taa inawaka. Barabarani dereva wa pikipiki amelala mtaroni, kofia ngumu ingali kichwani, na wapita njia wanataka kumwinua upesi. Kuivua kofia hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja anashika taya na kisogo shingo isicheze, mwenzake anapanua kofia pembeni na kuivuta taratibu. Haifai mtu ajifunze hayo kwa mara ya kwanza juu ya majeruhi.

Zamani wahudumu wa dharura walijifunza juu ya watu hai. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Baltimore, Marekani, daktari Peter Safar alilegeza kwa dawa misuli ya watu waliojitolea, wasiweze kupumua, ili wengine wawapulizie pumzi mdomoni. Mwaka 1960 Asmund Laerdal wa Norwei, mtengenezaji wa midoli ya watoto, alitoa Resusci Anne, mdoli ambaye kifua chake hukandamizwa na mapafu yake hujazwa pumzi.

Rwanda nayo ilichangia sura yake katika mafunzo haya ya kuigiza. Mwaka 2018 VAST, kozi ya nusukaputi kwa njia ya kuigiza, ilijaribiwa nchini humo: watoa nusukaputi, wauguzi na wakunga waliigiza dharura kwa vifaa vichache vya kubebeka, kisha wakaketi kuzungumzia walivyoelewana na walivyopishana. Kwangu kikao hicho ndicho kiini cha somo.

Wanafunzi wa huduma za dharura, kwingi duniani, huyapenda mafunzo haya kwa sababu wanaruhusiwa kukosea na kurudia. Lalamiko lao nalo ni la haki: mdoli halii, wala hana mama anayemng'ang'ania muuguzi mkono. Tena Kigali kuna vilima. Chumba cha mazoezi kina sakafu tambarare. Machela inayopandishwa ngazi za udongo wakati wa mvua huelemea upande wa aliye chini, na hapo ndipo mkono unaoshika shingo huanza kuteleza. Zoezi hilo lifanyiwe nje, kilimani.