Kuhama Mtandao au Kuongeza Laini: Historia Fupi ya Unafuu wa Simu nchini Kenya na Tanzania

Jitihada za mtumiaji wa simu kubana matumizi hazikuanza na kanuni za serikali. Zilianza na laini ya pili. Kupiga simu kwenda mtandao mwingine kuligharimu zaidi, kwa kuwa kampuni ya mpigaji huilipa kampuni ya mpokeaji. Watu wakabeba laini mbili au tatu, wakizibadilisha kulingana na mtandao wa anayepigiwa, hata kabla ya simu za laini mbili kuenea.

Mwaka 2010 Tume ya Mawasiliano ya Kenya ilishusha malipo hayo baina ya kampuni kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Mwezi Agosti Zain, iliyokwisha kununuliwa na Bharti Airtel, ikateremsha bei ya kupiga hadi shilingi 3, na vita vya bei vikazuka. Huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba ilipoanza tarehe 1 Aprili 2011, ilitarajiwa kwamba wateja wangeufuata unafuu huo. Waliohama walikuwa wachache. Tangu Machi 2007 namba ya Safaricom ilikuwa pia akaunti ya M-Pesa: namba iliweza kuhama, akaunti haikuweza. Aliyehama aliokoa shilingi chache katika maongezi, akapoteza njia yake ya kupokea fedha za karo, kodi na michango. Kutumiana fedha moja kwa moja kati ya mitandao ya Kenya kulisubiri hadi 2018.

Tanzania ilikwenda kwa mpangilio mwingine. Baadhi ya kampuni ziliruhusu wateja wao kutumiana fedha tangu 2014, na huduma ya kuhama ikaanza tarehe 1 Machi 2017. Kizuizi cha fedha kilikuwa kimelegezwa kwanza. Laini ya pili haikutoweka. Mteja alitakiwa kutuma neno HAMA, neno fupi na zuri, ila anayehama hufunga virago. Mnunuzi wa kifurushi cha siku hana mkataba wa kuvunja, tofauti na mteja wa Uingereza anayelipa kwa mwezi. Hana haja ya kuondoka popote. Idadi ya namba zilizohamishwa, kipimo kinachopendwa na watunga sera, haimwoni kabisa.

Kilichomgusa zaidi ni usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Tanzania Mei 2019. Kila laini ilidai namba ya kitambulisho cha taifa, na gharama ya laini ya pili ikawa pia foleni.