Mchezo wa Mbio Hupimwaje kwa Haki?



Nikiwa chuoni nikisomea sayansi ya tarakilishi, rafiki yangu aliniuliza kama anunue mchezo fulani wa mbio za magari. Nikamjibu, "Nunua, ni moto!" Alijinyima wiki kadhaa. Alipoutia kwenye tarakilishi yake, gari lilienda kwa kukwamakwama. Kadi yake ya michoro haikuuweza. Mimi niliujaribu kwenye mashine ya maabara, na sikumwambia. Sifa zangu tupu zilimla pesa.

Hebu tuangalie historia. Namco ilipotoa Pole Position mwaka 1982, mhakiki hakuwa na shida kubwa. Aliyetia sarafu leo na aliyetia mwaka uliofuata walikuta barabara ileile.

Mwaka 2003 ukaja Big Rigs: Over the Road Racing. Malori yalipenya majengo kama moshi. Mpinzani hakuondoka pale pa kuanzia. Ukirudi nyuma, kasi iliongezeka bila kikomo! Januari 2004 Alex Navarro wa GameSpot aliupa alama 1.0 kati ya 10. Je, ilikuwa chuki? La. Makosa hayo yeyote mwenye nakala angeyaona mwenyewe kwa dakika chache. Hiyo ndiyo haki: ushahidi kwanza, alama baadaye. Kiraka kilipotolewa, mpinzani alianza kuendesha, lakini akasimama kabla ya mstari wa mwisho. Kumbe hata mchezo mbovu hubadilika.

Intaneti ikazidisha mambo. Gran Turismo 7 ilitoka tarehe 4 Machi 2022, wahakiki wengi wakaisifu. Tarehe 17 Machi likaja sasisho lililopunguza zawadi za mbio nyingi, na seva zikazimwa kwa zaidi ya saa 30. Hata aliyecheza peke yake alifungiwa karibu kila kitu. Kazunori Yamauchi, bosi wa waundaji, aliomba radhi na kuwagawia wachezaji kredi milioni moja. Waliosifu mwanzoni hawakudanganya. Mchezo waliousifu ndio uliobadilika.

Kisha The Crew ya mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft ilizima seva zake, na mchezo ukafa hata kwa mwenye diski mkononi.

Mimi huandika programu kwa riziki yangu, na kazini ripoti ya hitilafu isiyotaja toleo wala mashine hairekebishiki. Basi mhakiki naye namuuliza: Ulitumia mashine gani? Toleo lipi, tarehe gani? Uliendesha saa ngapi, kwa usukani au kwa padi? Na intaneti ikikatika, gari litawaka?

Akijibu hayo, hata tukitofautiana kuhusu alama, nitajua la kufanya na pesa zangu. Rafiki yangu alihitaji swali la kwanza tu.