Kabla ununue gari, uliza muuzaji anaweza kupoteza nini

Wasee, leo nawaletea kijana wa miaka 21 aliyeacha chuo kikuu akaingia kwa biashara ya magari. Hapana, si mimi. Mimi chuo niliacha kweli, lakini huyu alikuja kuwa waziri. Jina lake Roy Chapin. Mwaka wa 1901 aliacha masomo pale Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, akaenda kufanya kazi na kampuni ya Olds Motor Works ya Detroit. Mwaka wa 1932 Rais Hoover akamfanya Waziri wa Biashara. Wazazi mnaoniuliza nitarudi darasani lini, someni hiyo aya mara mbili.

Lakini sijamleta Chapin ili nijitetee. Nimekuwa nikisoma vile magari mapya yalivyouzwa miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na kuna kitu nimeona pale ambacho sisi watu wa kontenti hatupendi kusikia. Tangazo lenye uzito ni lile ambalo muuzaji mwenyewe anaweza kuumia akidanganya. Hebu tufuate hiyo hadithi polepole, uone vile mzigo ulitoka kwa bega la muuzaji ukaishia kwa bega la mnunuzi.

Mwaka huo wa 1901 Olds walikuwa na gari jipya, Curved Dash. Dogo, injini ya silinda moja, na halikuwa na usukani wa duara. Ulishika fimbo ya kugeuzia, kama ya mashua. Bei yake dola 650. Shida ilikuwa moja: gari wakati huo lilikuwa kichezeo cha matajiri, na liliharibika kila mara. Ukikwama barabarani watu walikupita wakicheka, wakikuambia utafute farasi. Sasa hata ukiandika gazetini kwamba gari lako ni imara mpaka wino uishe, nani atakuamini?

Basi Chapin akapewa Curved Dash moja, aiendeshe kutoka Detroit hadi New York kwa maonyesho ya magari. Safari ya zaidi ya kilomita 1,300. Ni kama utoke Nairobi uende Mombasa, urudi Nairobi, halafu ushuke tena mpaka Voi. Barabara za lami hakuna, vituo vya petroli hakuna. Alibeba spea zake mwenyewe. Akapitia Kanada, na alipoingia jimbo la New York matope yakamshinda kabisa, akahamia kwa njia ya kando ya mfereji wa Erie, ile njia ya nyumbu wanaovuta mashua. Fikiria wenye nyumbu walivyofurahi kumwona na hiyo kelele yake. Alifika New York baada ya kama siku saba na nusu. Inasimuliwa kwamba alikuwa na matope hivi kwamba hoteli ya Waldorf-Astoria haikumkubali kupita mlango wa mbele.

Mwaka huo kampuni iliunda magari 425. Mwaka uliofuata, 2,500.

Sitakudanganya kwamba ni safari peke yake ilileta hizo namba. Bei nayo ilisaidia. Lakini ona walichoweka mezani. Kama lile gari lingekufa njiani, lingekufa mbele ya watu, na hiyo ndiyo ingekuwa habari. Walikubali kuaibika kabla hawajakuomba pesa yako.

Cadillac nao walifanya ya kwao mwaka wa 1908, tena ugenini. Uingereza wakati huo, gari la Marekani lilionekana kitu rahisi rahisi tu. Na kuna jambo lingine unafaa kuelewa: magari mengi yalikuwa yanafungwa na fundi kwa mkono. Chuma kikikataa kuingia, fundi anakisugua na tupa mpaka kiingie. Kwa hivyo spea ya gari lako haikuwa lazima iingie kwa gari la jirani, hata kama ni aina moja, kiwanda kimoja.

Basi wakala wa Cadillac kule Uingereza akaenda kwa Royal Automobile Club akasema, njooni mtupime. Magari matatu ya Cadillac yakapelekwa uwanja wa Brooklands, yakafunguliwa yote, nati kwa nati. Vipande vya magari matatu vikachanganywa. Halafu wasimamizi wakatoa vipande 89 na kuweka vipya kutoka stoo ya wakala. Mafundi wakaambiwa wayafunge tena kwa spana na bisibisi, bila kusugua kitu. Yakatoka magari matatu ya rangi za viraka viraka, yakawaka, na kila moja likaendeshwa maili 500, yaani kilomita 800 hivi. Yakamaliza. Klabu ikawapa Kombe la Dewar. Sasa hapo, mtu wa London akiambiwa spea za Cadillac zitaingia kwa gari lake, haamini mdomo wa muuzaji. Anaamini watu ambao Cadillac haikuwa inawalipa mshahara.

Hapo ndipo hadithi inaanza kuchafuka. Oktoba 1908 Ford wanatoa Model T, bei kama dola 850. Gari la mwananchi. Juni 1909 kunaandaliwa mbio kutoka New York hadi Seattle, upande ule mwingine wa Marekani, kufungua maonyesho makubwa kule. Ford wanapeleka Model T mbili dhidi ya magari mazito yenye nguvu kuliko yao. Baada ya siku 22, Ford namba 2 inaingia Seattle ya kwanza. Henry Ford mwenyewe yuko pale kupokea. Kampuni inajaza nchi matangazo: gari jepesi la bei nafuu limeshinda magari makubwa. Hadithi tamu. Mimi pia ningeisambaza bila kufikiria.

Halafu miezi kama mitano baadaye, waandalizi wanawanyang'anya ushindi. Ilibainika kwamba gari hilo lilibadilishiwa injini njiani, na sheria zilikataza. Ushindi ukapewa Shawmut, lililofika la pili. Lakini nani leo anajua Shawmut? Kampuni hiyo ilikuwa tayari inazama. Ford walikuwa wameshavuna miezi yote hiyo, na marekebisho hayakuwahi kukimbia kama tangazo. Uongo ulitangulia, ukweli ukafika wakati watu wameshanunua. Ukidhani mambo ya posti feki yalianza na simu, pole.

Na si ati Model T lilikuwa gari baya. Lilikuwa gari noma, lilipita kwa matope na mashamba bila shida. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Walikuwa na kitu kizuri, na bado wakatumia njia ya mkato.

Lakini haki iko wapi nisiposema hili lingine? Mwaka wa 1914 Ford huyohuyo alifanya tangazo ambalo sijawahi kuona mfano wake. Alisema hivi: kuanzia Agosti 1914 hadi Agosti 1915, tukiuza magari 300,000, kila aliyenunua kwa muda huo tutamrudishia pesa. Waliuza magari 308,000 na kitu, na wakarudisha kweli, dola 50 kwa kila mnunuzi. Piga hesabu: hiyo ni zaidi ya dola milioni 15. Na dola 50 ilikuwa pesa. Mwaka huohuo Ford alikuwa ametangaza dola 5 kwa siku kwa wafanyakazi waliotimiza masharti yake, na watu walijaa nje ya kiwanda kutafuta hiyo kazi. Kwa hivyo kurudishiwa 50 ni kama kurudishiwa mshahara wa siku kumi. Ahadi ya maandishi, yenye tarehe, yenye namba. Angeshindwa kulipa, angeshtakiwa na nchi nzima.

Sasa tugeuke upande wa General Motors. Mwaka wa 1919 walianzisha GMAC, kampuni ya kukopesha wanunuzi. Lipa polepole kama tunavyoijua. Kawaida ulitoa kama theluthi ya bei, nyingine ukalipa kila mwezi kwa mwaka mmoja hivi. Ukikosa, gari linarudi kwao. Ford alichukia mikopo. Mwaka wa 1923 akajaribu mpango wake: weka dola 5 kila wiki benki, ukimaliza bei ndipo uchukue gari. Ulifeli vibaya. Nani anataka kuweka akiba mwaka mzima akitembea kwa miguu, na jirani ameshapiga honi? Kufikia katikati ya miaka ya 1920, takriban robo tatu ya magari Marekani yalinunuliwa kwa mkopo.

GM wakaongeza lingine. Rangi mpya zinazokauka haraka, na umbo jipya mwaka baada ya mwaka. Tangazo halikuwa tena linakuambia gari lako litafika. Lilikuwa linakuambia gari lako la mwaka jana limezeeka, na majirani wameona. Mwaka wa 1927 Ford akafunga Model T baada ya magari milioni 15, na Chevrolet ya GM ikaongoza mauzo mwaka huo.

Umeona mzigo umehamia wapi? Chapin alibeba hatari yeye mwenyewe kwa matope. Cadillac waliibeba Brooklands. Ford aliibeba kwa hizo dola 50. Lakini kwa mkopo na aibu, muuzaji amemaliza kazi yake siku umetia sahihi. Kuanzia hapo hatari yote ni yako, mwezi baada ya mwezi.

Sisemi mkopo ni dhambi. Bila mkopo, karani na mwalimu wa Marekani wangeendelea kuona gari kwa picha tu. Hata hapa kwetu kuna mtu amenunua Probox kwa lipa polepole ikamsomeshea watoto. Ninachosema ni kwamba mkopo unahitaji ushahidi zaidi, na sisi tunapewa ushahidi kidogo kuliko mtu wa 1901.

Na hapa inanihusu. Mwezi jana yadi moja ya magari, sitaitaja, ilinitumia kazi. Video ya sekunde 60, maneno yameshaandikwa: gari halina shida, linakunywa mafuta kidogo, dipoziti ndogo tu. Nikauliza naweza kuliendesha wiki moja kwanza? Wakasema hakuna haja, nije tu nisimame kando yake nitabasamu. Nikauliza, na likimfia mteja wangu mwezi wa pili? Wakasema hiyo ni kati ya mteja na fundi wake. Pesa ilikuwa nzuri, na kodi yangu inalipwa na hizi kazi, kwa hivyo sijifanyi malaika. Nilikataa kwa sababu katika hiyo mipango yote, mtu wa pekee aliyekuwa na kitu cha kupoteza alikuwa wewe.

Kwa hivyo sheria ya hii peji ni hii. Gari sijaliendesha, sitalisifu. Nikilipwa, nitasema nimelipwa kabla ya neno la kwanza. Likiharibika nikiwa nalo barabarani, video itaendelea kurekodi, na yadi itakubali hivyo kwa maandishi kabla hatujaanza. Najua kazi zitapungua.

Na wewe, ukienda yadi wiki hii, kabla ya kuuliza dipoziti ni ngapi, uliza hivi: gari hili likifa ndani ya miezi mitatu, wewe unapoteza nini? Akianza kucheka, au akuambie tu umwamini kaka, rudi kwa stage upande matatu.