Pembetatu za Nchi Tambarare: Upimaji wa Pwani ya Bagamoyo na Makurunge

Mwezi Juni mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walishuka Kaole, jirani na Bagamoyo, wakajitayarisha kwa safari ya bara. Katika mizigo yao vilikuwamo vipimajoto, kwani kimo cha nchi juu ya bahari walikitafuta kwa kuchemsha maji: kadiri mtu apandavyo mlima, ndivyo maji yatokotavyo kwa joto dogo zaidi. Kwa njia hiyo Speke, alipolifikia ziwa kuu la kaskazini mwaka 1858, alikadiria kwamba uso wake uko futi 3,740 juu ya bahari. Makadirio hayo hayakupishana sana na vipimo vya leo, ambavyo ni kiasi cha futi 3,720. Chombo chake kilikuwa dhaifu, walakini njia yake ilijulikana. Na aliyeitilia shaka nambari ile alijua pa kuanzia kuuliza.

Baada ya hapo ilikuja kazi ya pembetatu. Mwaka 1879 David Gill, mnajimu wa Rasi ya Tumaini Jema, alitoa shauri la kupima mnyororo wa pembetatu kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, kwa kuufuata mstari wa 30 wa mashariki. Kanuni yake ni nyepesi kueleza na ngumu kutenda. Hupimwa ardhini upande mmoja tu wa pembetatu ya kwanza, kwa uangalifu mkubwa. Kisha mpimaji hupanda kilele baada ya kilele na kusoma pembe kwa thiodolaiti, na pande zote zilizosalia hupatikana kwa hesabu. Sehemu ya Tanganyika ilipimwa na Martin Hotine na wenzake tangu mwaka 1931 hata 1933, na mnyororo mzima ukakamilika mwaka 1954. Mstari wenyewe wapita magharibi, mbali sana na Bagamoyo, lakini pembetatu moja hushikamana na dada yake, na hatimaye pwani nayo iliegemezwa juu ya hesabu hiyo. Msingi uliotokana nayo uliitwa Arc 1960, na juu ya msingi huo zilichorwa ramani za Tanganyika, Kenya na Uganda.

Upimaji wa tatu haukugusa ardhi kabisa. Mwezi Februari mwaka 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiipima kwa rada, kutoka latitudo 60 kaskazini hadi 56 kusini. Vimo vilipangwa katika miraba ya digrii moja kwa digrii moja. Mraba mmoja, uanzao digrii 38 mashariki na kuishia digrii 39, kati ya digrii 6 na 7 kusini, unachukua Bagamoyo, Kibaha, Chalinze, na kata ya Makurunge karibu na mto Ruvu. Ndani yake mna nukta 3,601 kwa 3,601, kila moja ikiwa umbali wa mita 30 hivi kutoka kwa jirani yake. Vipimo vya ukaribu huo vilifunguliwa kwa umma tangu mwaka 2014, na Afrika ilitangulizwa.

Mtu atakaye kuziona nukta hizo kama nchi hana budi kuziunganisha. Kompyuta huzishona kuwa wavu, kama wa mvuvi, ila kila tundu la wavu huu ni pembetatu. Basi pembetatu zimerudi, wala hazihesabiwi tena kwa vilele: mraba ule mmoja watoa pembetatu 25,920,000. Hakuna mkono wa mtu uwezao kuzishughulikia moja moja. Ndiyo sababu kazi hii imefungamana na programu za kuonyesha vipimo vya sayansi kwa picha. Mwaka 1993 Will Schroeder, Ken Martin na Bill Lorensen walitoa maktaba ya programu iitwayo VTK; na juu yake ikajengwa ParaView, ambayo kampuni ya Kitware na maabara ya Los Alamos zilianza kuitengeneza mwaka 2000. ParaView yaweza kuendeshwa kwa kubofya, na yaweza pia kupewa hati ya amri iliyoandikwa kwa lugha ya Python: fungua faili, shona wavu, punguza, lainisha, hifadhi. Hata ina uwezo wa kumfuata mtu anayebofya na kuandika kila tendo lake kuwa amri.

Huenda ikadhaniwa kwamba faida ya hati hiyo ni kuokoa muda tu. Nchi ya Makurunge yafundisha vingine. Kwanza, pale rada iliposhindwa kuona, nukta hupewa nambari hasi 32,768 kama alama ya kukosekana kwa kipimo. Asiyeiagiza kompyuta kuziondoa nukta hizo ataona visima vinavyozidi kwa mbali kina cha bahari zote. Kosa hilo lajitangaza lenyewe. Lililo baya ni lile lisilopiga kelele. Rada ile haikuuona udongo chini ya msitu mnene. Ilirudishwa na matawi, hivyo mikoko ya mlangoni mwa Ruvu huinuka katika wavu kana kwamba ni vilima vilivyoota katika matope. Tena vimo vimeandikwa kwa mita kamili, bila sehemu zake, na katika nchi tambarare uso wa ardhi hutokea kama ngazi. Macho hayapendi ngazi hizo, na amri ya kulainisha huzifuta mara moja. Pamoja nazo hufuta miinuko midogo ya kweli, na katika bonde la mto, mwinuko wa mita moja au mbili waweza kuwa ndio mahali watu wanapojenga nyumba zao, kwa kuwa maji ya masika hayafiki hapo.

Amri ya kupunguza pembetatu, ambayo Schroeder na wenzake waliieleza mwaka 1992, ina upendeleo kama huo. Huanza kuondoa pale palipo tambarare, kwa hoja kwamba hapo pana machache ya kupoteza. Milima huachiwa pembetatu zake. Si haki kuilaumu: ilibuniwa kuhifadhi umbo, wala haikuulizwa ni nani akaaye juu ya umbo hilo. Lakini ikiwa mchoro wa mafuriko au shamba utajengwa juu ya wavu huo, mwenye ardhi ana haki ya kujua ni pembetatu ngapi ziliondolewa mlangoni pake. Kwa hati ya amri jambo hilo lasomeka katika mstari mmoja. Kwa aliyebofya bila kuandika, halisomeki popote.

Hatari kubwa zaidi hungoja mwisho wa kazi, wakati wavu unapotolewa kuwa faili la kupelekwa katika programu nyingine. Mtindo ulioenea mno ni STL, uliotungwa mwaka 1987 kwa ajili ya mashine zijengazo vitu tabaka kwa tabaka. Kila pembetatu huandikwa peke yake, na nukta zake tatu hurudiwa hata kama jirani zimekwisha kuziandika. Mraba wetu, uliokuwa wa baiti milioni 26 hivi, huvimba ukafikia bilioni 1.3. Uvimbe huo wavumilika. Lisilovumilika ni kwamba STL haisemi kama vipimo vyake ni mita au futi, wala nukta zake zimehesabiwa juu ya msingi upi. Tofauti kati ya Arc 1960 na msingi wa satelaiti hufikia kiasi cha mita 300 katika nchi hii, upana ambao mashamba ya familia nzima yaweza kuingia. Tena nambari za faili hilo zina nafasi finyu. Katika vipimo vya ramani umbali wa Makurunge kuelekea kaskazini huandikwa kwa nambari izidiyo mita milioni 9, na kwa ukubwa huo faili haliwezi kutofautisha kitu kilicho chini ya mita moja. Kwa vipimo vya rada si neno. Lakini picha za ndege zisizo na rubani, kama zilizopigwa na mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam tangu 2015 pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Ardhi, hupima kwa sentimita.

Dawa yake ni kuitoa nambari kubwa kabla ya kuhifadhi, kuuweka wavu karibu na sifuri, na kukiandika kilichotolewa. Mpimaji wa zamani alilifanya hilo katika daftari lake. Faili la STL lina mahali padogo pa maandishi, mwanzoni mwake, penye nafasi ya baiti 80. Hati ya amri yaweza kuandika humo msingi wa upimaji, kipimo, na nambari zilizotolewa, yakatosha. Ila programu nyingi zipokeazo faili huziruka baiti hizo 80 bila kuzisoma.