Saini ya Upande Mmoja: Nani Hufungwa na Kanuni za Matumizi ya Intaneti Shuleni

Kanuni za matumizi yanayokubalika ni hati ambayo mwanafunzi hupewa kabla ya kuruhusiwa kugusa kompyuta, kishikwambi au mtandao wa shule. Hueleza yanayoruhusiwa, kisha kwa urefu zaidi yanayokatazwa, kisha adhabu. Chini yake huachwa nafasi mbili za saini, ya mwanafunzi na ya mzazi au mlezi. Mkuu wa shule akitia saini, aghalabu hutia kama shahidi, wala hapo haahidi chochote. Upungufu huo huonekana mdogo, kiasi kwamba waandishi wengi wa miongozo ya TEHAMA hawautaji kabisa. Hoja ya makala haya ni kwamba huo ndio ubovu mkuu wa hati yenyewe, na kwamba kurefusha orodha ya makatazo, kama inavyopendekezwa kila kinapotokea kisa cha kushtua, hakuutibu.

Umbo la hati hii lina historia inayofahamika. Nchini Marekani, Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996 ilizaa mpango wa E-Rate, unaozipunguzia shule na maktaba gharama za intaneti kwa kati ya asilimia 20 na 90, kwa kutazama zaidi hali ya umaskini wa eneo. Desemba 2000 ikafuata Sheria ya Kuwalinda Watoto kwenye Intaneti, ifahamikayo kwa kifupi kama CIPA. Shule iliyotaka punguzo hilo kwa ajili ya huduma ya intaneti ilibanwa iweke vichujio vya kuzuia picha za ngono, ifuatilie wanachofanya watoto mtandaoni, na iwe na sera ya usalama iliyowahi kujadiliwa katika angalau mkutano mmoja wa hadhara. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu iliikubali sheria hiyo katika shauri lililofunguliwa na vyama vya maktaba. Sharti la kuwafundisha wanafunzi namna ya kuenenda mtandaoni liliongezwa mwaka 2008. Mfuatano huo una maana. Kichujio na jicho la ufuatiliaji vilitangulia, na somo likaja miaka minane baadaye. Katika sheria hiyo sera iliwekwa kama sharti la kupata fedha, na msomaji wake wa kwanza alikuwa mkaguzi, si mtoto.

Kwamba watoto wanahitaji kulindwa mtandaoni hakuna mtafiti makini anayekataa, na hapa hapahitaji maneno mengi. Ubishi uko kwenye chombo. Wanaotetea vichujio husema kwamba kadiri kizuizi kinavyokazwa ndivyo mtoto anavyokuwa salama zaidi. Utafiti uliochapishwa na Kaiser Family Foundation mwishoni mwa 2002 uliijaribu imani hiyo kwa vipimo. Vichujio vilipowekwa katika kiwango cha chini vilizuia takribani asilimia 87 ya tovuti za ngono na kukosea kuzuia asilimia 1.4 tu ya tovuti za afya. Vilipokazwa hadi mwisho, ngono iliyozuiwa ilifika asilimia 91, lakini taarifa za afya zilizofungiwa zikaruka hadi asilimia 24. Kwa nyongeza ya asilimia 4 ya usalama, karibu robo ya maarifa ya afya ilipotea. Vichujio vya leo vina akili zaidi, lakini bei hiyo bado inalipwa: mwanafunzi wa kidato cha tatu anayetafuta maelezo ya mfumo wa uzazi kwa ajili ya somo la baiolojia ndiye wa kwanza kukutana na ukurasa mwekundu wa kuzuiwa, na ndiye ambaye jina lake hubaki kwenye kumbukumbu za mashine kama mtu aliyejaribu kuingia pasipostahili.

Kisa kinachoonyesha ubovu huo kwa uwazi kuliko vingine ni cha wilaya ya elimu ya Lower Merion, kando ya jiji la Philadelphia. Wilaya hiyo, yenye uwezo mkubwa, iliwagawia wanafunzi wake wapatao 2,300 wa shule za sekondari kompyuta mpakato za kwenda nazo nyumbani. Walizipokea pamoja na kanuni za matumizi. Kanuni zilikataza mengi, zikadai ada ya bima ya dola 55, na zikatiwa saini. Ndani ya kompyuta kulikuwa na programu ya kusimamia mashine kutoka mbali, yenye kipengele cha kufuatilia zilizoibwa. Kikiwashwa, kila baada ya dakika 15 kompyuta ilipiga picha kwa kamera yake, ikanakili kilichokuwa kwenye skrini, na kuvituma vyote kwenye seva ya wilaya. Mwanafunzi hakuona chochote isipokuwa kitaa kidogo cha kijani kando ya kamera, kilichowaka kwa nukta moja na kuzimika. Baadhi yao walidhani ni hitilafu ya mashine.

Novemba 2009 makamu mkuu wa shule mojawapo alimweleza mwanafunzi wa miaka 15 kwamba kulikuwa na ushahidi wa mwenendo mbaya aliouonyesha akiwa nyumbani kwao. Ushahidi wenyewe ulikuwa picha iliyopigwa na kompyuta aliyopewa. Alionekana ameshika vitu vidogo vilivyodhaniwa kuwa vidonge. Familia ilisema ni peremende. Kompyuta yake haikuwa imeibwa. Ilikuwa mashine ya akiba aliyoichukua nyumbani bila ada ya bima kulipwa, na kwa sababu hiyo ufuatiliaji ukawashwa, ukaachwa uendelee kwa siku kadhaa. Picha zake, pamoja na nakala za skrini, zilizidi 400. Nyingine zilimwonyesha amelala kitandani.

Wazazi wake walikwenda mahakamani Februari 2010. Uchunguzi ulioagizwa na wilaya yenyewe uligundua kwamba kwa muda wa miaka miwili mfumo ulikuwa umekusanya makumi ya maelfu ya picha. Sehemu kubwa ilitoka kwenye kompyuta zilizoibwa kweli, jambo ambalo watetezi wa wilaya walilikariri, na ni haki likumbukwe. Lakini mara kadhaa ufuatiliaji haukuzimwa hata baada ya mashine kupatikana. Wachunguzi hawakupata ushahidi kwamba watumishi walikusudia kuchungulia vyumba vya watoto. Walichokuta ni pengo. Hapakuwa na utaratibu wa kusema nani awashe kamera, kwa idhini ya nani, kwa muda gani, wala nani afute picha. Hati waliyotia saini wazazi haikutaja popote kwamba kamera inaweza kuwashwa kutoka mbali. Oktoba 2010 wilaya ilikubali kulipa dola 610,000 kumaliza shauri hilo na jingine lililofanana nalo, kiasi kikubwa cha fedha hizo kikienda kwa mawakili.

Uzito wa kisa hiki unatokana na kwamba hakina mtu mwovu. Kingekuwa na mwovu, kingetibiwa kwa kumfukuza kazi. Hati ilifanya kazi yake kama ilivyoandikwa. Ilimfunga mtoto hadi kwenye ada ya bima, ikamwacha mwenye mtambo huru kabisa, na huyo mwenye uhuru ndiye aliyeingia chumbani. Kuongeza makatazo 20 kwenye karatasi ile kusingeuzuia ule mwanga wa kijani. Kifungu kimoja kinachoifunga wilaya kingetosha.

Afrika Mashariki haina CIPA wala E-Rate, na hali ya vifaa ni nyingine kabisa. Hata hivyo umbo la hati limevuka bahari likiwa zima. Linakutana na mazingira ambayo hayakuwamo akilini mwa walioliandika kwanza. Katika maabara nyingi za kompyuta za shule za sekondari, wanafunzi wawili au watatu hukaa mbele ya mashine moja. Si ajabu kukuta nenosiri moja kwa mashine zote, limeandikwa kwa chaki kwenye pembe ya ubao ili kipindi kisipotee, na intaneti ikitoka kwenye bando la simu ya mwalimu wa TEHAMA. Ukutani, chini ya tangazo la kuvua viatu, kanuni zinasema kila mtumiaji alinde nenosiri lake na kwamba atawajibika kwa kila kinachofanyika kwa jina lake. Hakuna anayeweza kuitii kanuni hiyo. Ukurasa mbaya ukikutwa umefunguliwa, anayeitwa ofisini ni aliyeonekana mwisho kwenye kiti.

Kwa shule za bweni nchini Tanzania, hati inayotangulia zote ni maelekezo ya kujiunga. Mzazi huyapata pamoja na orodha ya ndoo, ufagio, rimu ya karatasi na shuka mbili. Humo humo yamo makosa yanayoweza kumfukuzisha mwanafunzi shule, na kumiliki simu ya mkononi huandikwa sambamba na wizi, dawa za kulevya na kuidharau bendera ya taifa. Sababu za shule zinaeleweka. Simu hukesha na mtoto, huvujisha mitihani, huleta wivu na wizi bwenini. Lakini uzito wa kosa umepimwa kwa mizani isiyofaa, na madhara yake hayako mbali. Binti aliyetumiwa vitisho na mtu mzima anayedai picha zaidi, kupitia simu aliyoificha chini ya godoro, hana pa kwenda. Akimwambia matroni kwamba anatishwa, amekiri kwanza kosa la kufukuzwa. Utafiti wa Disrupting Harm kuhusu Tanzania, uliotolewa mwaka 2022 na ECPAT, INTERPOL na UNICEF, ulionyesha kwamba watoto wanaodhulumiwa kingono kupitia mtandao ni wachache mno wanaofika polisi au kwenye simu ya msaada. Kanuni inayomwadhibu anayetoa taarifa haiwezi kuitwa ya usalama, hata kama neno hilo limo kwenye kichwa chake cha habari.

Suala la lugha halihitaji maelezo marefu. Hati nyingi za aina hii huandikwa kwa Kiingereza, na huchukua istilahi za kisheria zilizotungwa kwa ajili ya mawakili wa Marekani. Mzazi asiyeisoma lugha hiyo hutia saini kwa sababu bila saini mtoto hapokelewi. Kuiita saini hiyo ridhaa ni kuliumiza neno ridhaa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi ya hoja hii linatoka kwenye malezi. Mwalimu, inasemwa, ni mzazi wa pili, na mzazi hamwandikii mtoto mkataba. Shule ikianza kumwahidi mwanafunzi kwamba haitafanya hili na lile, nidhamu italegea na heshima ya mkubwa itashuka. Pingamizi hili lisipuuzwe, kwa kuwa mamlaka ya mwalimu ndiyo inayoiendesha shule isiyo na vifaa. Lakini linasahau kwamba mzazi wa kwanza naye haambiwi kitu. Huko Lower Merion walioachwa gizani walikuwa watoto na wazazi wao kwa pamoja. Na mzazi wa pili mwenyewe mara nyingi hajui mtambo unafanya nini. Uchambuzi wa Human Rights Watch wa mwaka 2022, uliohusu programu na tovuti 164 za masomo zilizoidhinishwa na serikali 49 wakati wa janga la UVIKO-19, uliona kwamba 146 kati yake zilikuwa na mwenendo wa kuhatarisha au kukiuka haki za watoto, pamoja na kuwafuatilia au kuziwezesha kampuni nyingine kufanya hivyo. Mwalimu aliyeagiza darasa lake lifungue programu hizo alifanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Zaidi ya hayo, sheria imekwisha kulijibu pingamizi hilo kwa sehemu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka taarifa za mtoto zichakatwe kwa ridhaa ya mzazi au mlezi na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo haiwatoi walimu wakuu nje ya wajibu wake. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni ya Jumla Namba 25 ya 2021, imesema ufuatiliaji wa kidijitali wa watoto usiwe wa kawaida, wa jumla, wala wa siri kwa mtoto mwenyewe. Shule inayotoa hati ya upande mmoja tayari inafungwa na sheria ambayo hati yake haiitaji.

Hati inayofaa, basi, huanza na mwenye mtambo. Husema kwa Kiswahili, kwenye ukurasa mmoja unaosomeka kwa sauti katika kikao cha wazazi, kwamba kompyuta hizi huhifadhi orodha ya kurasa zilizofunguliwa, kwamba orodha hiyo husomwa na mwalimu fulani na si mwingine, na kwamba hufutwa mwisho wa muhula. Husema kamera haitawashwa kutoka mbali, au ikiwashwa, kwa amri ya nani na nani ataarifiwa. Huweka njia ya kuomba ukurasa uliozuiwa kimakosa ufunguliwe, na siku ambazo jibu litatoka. Huahidi wazi kwamba mwanafunzi anayeleta habari za kutishwa au kudhulumiwa mtandaoni hataadhibiwa kwa sababu ya simu aliyotumia. Baada ya hapo ndipo huja wajibu wa mwanafunzi, na utakuwa mfupi: kutomdhalilisha mwenzake, kutochukua kazi ya mtu au ya akili mnemba akaiita yake, kutunza kifaa.

Haijulikani bado kama hati ya aina hiyo itapunguza visa vya utovu wa nidhamu, na makala haya hayadai hivyo. Gharama yake ni ndogo: karatasi, na kikao kimoja ambacho wazazi tayari hukiitikia. Pale ambapo nenosiri ni moja kwa wote, daftari la mahudhurio lililolazwa mlangoni mwa maabara, lenye jina, namba ya mashine, saa ya kuingia na ya kutoka, hufanya kazi ambayo programu ya ufuatiliaji hufanya kwingineko. Tena kila mwanafunzi huliona, hujua limeandikwa nini juu yake, na anaweza kumwonyesha mwalimu mstari ulioandikwa kimakosa kabla hajaitwa ofisini.