Karatasi zilizookoka moto

Tarehe 30 Juni 1922 moshi mkubwa ulifunika mji wa Dublin, mji mkuu wa Irlandi. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa imeanza siku mbili tu. Kando ya mto Liffey, penye majumba ya mahakama yaitwayo Four Courts, palikuwa na nyumba kubwa ya kutunzia maandiko ya serikali. Humo mlikuwamo karatasi za miaka mia saba: hesabu za watu, wasia, hukumu, na vitabu vya ubatizo na mazishi vya parokia nyingi za Kianglikana. Kukatokea mlipuko, na moto ukala karibu vyote. Upepo ulichukua vipande vilivyoungua, watu wakaviokota njiani.

Lakini vitabu vya ubatizo vya parokia za Wakatoliki vilipona. Kwa sababu gani? Kwa sababu havikuwamo katika nyumba ile. Mapadri walikuwa wakivitunza kwao parokiani, wengine katika kabati la sakristia tu. Leo Mwirlandi anayetafuta jina la babu wa babu yake hulipata mara nyingi katika vitabu hivyo vya maparoko.

Si mbali na majumba yale, katika njia ya Church Street, wanakaa Wakapusini, watawa wa Mtakatifu Fransisko. Nao walikuwa na karatasi zao. Ili tufahamu thamani yake, turudi nyuma kwenye Pasaka ya mwaka 1916.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 24 Aprili, watu waliotaka uhuru wa Irlandi walishika silaha mjini Dublin kupinga utawala wa Waingereza. Walipigana siku sita, kisha wakubwa wao wakajitoa. Karibu watu 500 walikufa, na zaidi ya nusu yao walikuwa raia. Halafu, tangu tarehe 3 hata 12 Mei, watu 14 walipigwa risasi katika gereza la Kilmainham. Wakapusini wa Church Street waliitwa usiku kuwaungamisha na kuwapa Komunyo. Padri Albert alikuwa pamoja na kijana Seán Heuston saa yake ya mwisho, akaandika habari za kifo chake. Heuston mwenyewe aliandika barua kwa dada yake, sista wa Mtakatifu Dominiko. Padri Aloysius alimhudumia James Connolly, ambaye aliuawa amekalishwa juu ya kiti kwa sababu ya jeraha lake. Naye Padri Aloysius aliyaandika aliyoyaona. Kama mapadri hawa wasingeandika, nani angetuambia habari za saa zile?

Je, picha haitoshi? Tazameni mfano mmoja. Iko picha ya tarehe 29 Aprili 1916: Patrick Pearse anajitoa mbele ya jenerali Mwingereza. Kando yake alisimama mwanamke muuguzi, Elizabeth O'Farrell, aliyepeleka habari ya kujitoa katikati ya hatari ya risasi. Lakini katika picha Pearse amemfunika, yanaonekana tu miguu yake na pindo la nguo. Katika nakala nyingine hata miguu hiyo ilifutwa! Kwa bahati njema, yeye mwenyewe alisimulia habari zake, zikachapwa mwaka 1917 katika gazeti la Wakatoliki. Picha ilimficha, maandiko yakamrudisha.

Sisi watu wa Kongo tunahusika pia. Roger Casement, Mwirlandi, alikuwa konsuli wa Uingereza katika Kongo. Mwaka 1903 alipanda mtoni, akasikiliza wenyeji waliopigwa na kukatwa mikono kwa ajili ya mpira. Ripoti yake ilitolewa mwaka 1904, na pamoja na picha zilizopigwa na wamisionari ilisaidia kuyafichua mateso yale mbele ya dunia. Mwaka 1908 mfalme Leopold akanyang'anywa nchi. Casement alinyongwa London tarehe 3 Agosti 1916, kwa kutafuta msaada wa Wadachi kwa ajili ya uhuru wa Irlandi. Siku zake za mwisho alipokewa katika Kanisa Katoliki. Karatasi zake nyingi zimo katika maktaba ya taifa huko Dublin. Basi mateso ya babu zetu nayo yanatunzwa katika sanduku la Wairlandi.

Tena, kutunza kwataka ukweli. Mwaka 1922 Wairlandi waligawanyika. Siku za moto ule Padri Albert na mwenzake Padri Dominic walikuwa Four Courts pamoja na wapiganaji. Mwezi wa Oktoba maaskofu wakatoa barua ya kuwakemea wapiganaji hao. Mapadri hao wawili walipelekwa Marekani, wakafa huko, Albert mwaka 1925 na Dominic mwaka 1935. Miili yao ilirudishwa kwao mwaka 1958. Mtunzaji mwema hutunza barua ya askofu na barua ya padri pia. Akiificha moja kwa sababu inamwaibisha, amefanya kazi ya moto.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Je, katika parokia yako barua za makatekista wa kwanza ziko wapi? Picha ya ubatizo wa babu yako, nani anajua majina ya wote waliosimama pale? Mzee anayeyajua angali hai leo. Mwendeeni na kalamu, mwandike nyuma ya picha majina, mahali na mwaka, kisha mziweke mahali pakavu, mbali na mchwa. Wajukuu watatuuliza.